Wanaojitia Ugonjwa: Uongo wa Kale Unaomuumiza Mgonjwa wa Kweli



Ndugu wasomaji, karibu kila familia siku hizi imewahi kupokea ujumbe wa namna hii katika simu. Kuna picha ya mtoto amelala kitandani na mipira puani. Chini yake kuna maelezo: ana uvimbe kichwani, wazazi hawana uwezo, upasuaji ni wiki ijayo, tuma chochote kwa namba hii. Mara nyingine haiombwi hata senti moja, inaombwa dua tu na maneno ya kumfariji. Tunashikwa na huruma. Kisha moyoni linaingia swali ambalo tunaona haya kulitamka: je, haya ni kweli?

Swali hilo si la leo. Watu wamejitia ugonjwa tangu zamani sana, na waandishi wa zamani, wakiwemo waandishi wakubwa wa Kiislamu, wameandika habari zao. Katika makala hii tunataka kuipitia historia hiyo kwa ufupi, tuone watu hawa walifanyaje, waligunduliwaje, na nani hasa aliumia. Tunaamini ndani yake kuna funzo kwa familia zetu na kwa vijana wetu wanafunzi, ambao ndio wanaopokea maombi haya kwa wingi zaidi kuliko sisi wazee.

Goti la mtumwa

Tuanze na tabibu Galen, ambaye Waarabu humwita Jalinus. Aliishi katika karne ya 2 Miladia katika dola ya Kirumi, na baadaye vitabu vyake vingi vilitafsiriwa mjini Baghdad na Hunayn bin Is'haq na wenzake, vikasomwa na matabibu wa Kiislamu kwa mamia ya miaka. Galen aliandika risala fupi inayowafundisha matabibu namna ya kumtambua mtu anayejisingizia ugonjwa.

Anasimulia habari ya mtumwa kijana aliyekuwa na goti limevimba vibaya, na alilalamika maumivu makali siku ile ile ambayo bwana wake alitaka kusafiri naye. Galen alimtilia shaka, akauliza wenzake. Akaambiwa kwamba kijana ana mapenzi na mwanamke wa mji ule na hataki kuondoka. Uvimbe ulikuwa wa kweli, lakini kijana mwenyewe ndiye aliyeuleta kwa kujipaka dawa ya mmea mkali unaochoma ngozi. Galen akampaka dawa ya kupoza tu, dawa ambayo haina uwezo wowote wa kuondoa maumivu ya ndani ya goti. Baada ya muda mfupi kijana akasema maumivu yamekwisha. Hapo akajulikana.

Tulizingatie jambo moja katika kisa hiki, maana litarudi tena na tena. Goti peke yake halikumwonyesha Galen ukweli wote. Alimjua mgonjwa wake kwa kuuliza watu wanaoishi naye.

Ombaomba wa Basra

Sasa twende Basra, katika karne ya 3 Hijria. Huko aliishi mwandishi mashuhuri Amr bin Bahr, anayejulikana kwa jina la Al-Jahiz, aliyefariki mwaka 255 Hijria (868 au 869 Miladia). Katika kitabu chake kinachoitwa Kitab al-Bukhala, yaani Kitabu cha Mabakhili, anatuletea habari za mzee mmoja aliyekuwa amechuma mali kwa kuombaomba, kisha anaeleza majina ya aina za ombaomba wa zama zile. Ukiyasoma unaweza kudhani yameandikwa jana.

Alikuwepo aliyevaa mavazi ya mtu mchamungu na kuwafahamisha watu kwamba alikuwa mwadhini katika nchi ya Babak, yule mwasi aliyepigana na dola ya Bani Abbas hadi akauawa mwaka 838, na kwamba Babak alimkata ulimi kwa sababu ya adhana. Hufungua kinywa chake, na mtazamaji haoni ulimi. Kumbe ulimi anao, tena mkubwa, ila amejizoeza kuukunja.

Alikuwepo aliyejiangusha na kutoa povu, watu wakaamini kwamba ana kifafa au ana wazimu usio na dawa. Alikuwepo aliyejifanya kipofu. Alikuwepo pia aliyejifunga mguu au mkono kwa nguvu usiku kucha mpaka ukavimba na damu ikaganda, kisha asubuhi akaupaka sabuni na utomvu mwekundu wa mti, akadondoshea samli kidogo, akauzungushia kitambaa na kuacha sehemu ndogo wazi. Anayemwona hana shaka kwamba ni donda ndugu.

Na mbaya kuliko wote ni yule ambaye kazi yake ilikuwa kumlemaza mtoto mchanga, kumpofua au kumvunja viungo, ili watu wazima wapate kumtumia katika kuomba. Al-Jahiz anasema wakati mwingine wazazi wenyewe ndio waliompeleka mtoto wao kwa mtu huyo na kumlipa, kisha wakawa wanamwombea au wanamkodisha kwa wengine.

Watu wa kazi hii walikuwa na jina lao, Banu Sasan, wana wa Sasan, na walikuwa na lugha yao ya siri. Katika karne ya 4 Hijria mshairi Abu Dulaf al-Khazraji alitunga kasida ndefu juu ya maisha na hila zao. Na katika karne ya 13 Miladia Al-Jawbari, mtu wa Damascus, aliandika kitabu kizima cha kufichua hila za matapeli wa kila aina, wakiwemo matabibu wa uongo na waombaji wa uongo. Waislamu wa zama hizo walilijua tatizo hili vizuri na wakaliandika waziwazi. Hawakuona kwamba kulitaja ni kuvunja heshima ya sadaka.

Kipofu wa siku ya Idi

Kuna kisa kingine, hiki ni cha kubuni, lakini kilipendwa mno katika nchi za Kiislamu. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 516 Hijria (1122), alitunga Maqamat hamsini zinazosimulia hila za mzee mmoja mwenye ufasaha mkubwa anayeitwa Abu Zayd wa Saruj. Katika Maqama ya saba tuko mji wa Barqaid siku ya Idi. Msikiti umejaa. Anaingia mzee kipofu anayeongozwa na bibi kizee. Mzee anatoa mfukoni vikaratasi vilivyoandikwa kwa wino wa rangi mbalimbali, na bibi anavigawa kwa wale anaowaona wana sura ya ukarimu. Kila karatasi ina beti za kueleza shida na kuomba msaada.

Msimulizi anapata karatasi moja. Maneno yake ni mazuri mno kiasi kwamba anataka kumjua mtungaji. Anamfuata mzee, anamtambua kuwa ni Abu Zayd, anamchukua nyumbani na kumpa chakula. Walipobaki peke yao mzee akafungua macho yake, na yalikuwa yanang'aa kama taa mbili. Kisha akamtuma mwenyeji wake ndani amletee vitu vya kunawia na kijiti cha kuchokolea meno, na mwenyeji aliporudi, mzee na bibi walikuwa wamekwishaondoka zamani.

Hebu tulitazame jambo hili kwa makini. Ujumbe ulioandikwa vizuri, ukagawiwa kwa watu wengi kwa wakati mmoja, siku ambayo mioyo yao ni laini, na mwandishi wake hawamjui. Vile vikaratasi vya Barqaid na ujumbe wa simu unaotujia usiku wa Ramadhani havina tofauti kubwa. Na aliyegundua ukweli ni yule mmoja tu aliyeinuka akamfuata mgonjwa mpaka akakaa naye.

London mwaka 1566

Mtu asidhani kwamba haya yalikuwa ya Basra na Baghdad tu. Huko Uingereza, mtu mmoja wa jimbo la Kent aitwaye Thomas Harman aliandika kitabu cha kuwatahadharisha watu juu ya wazururaji na matapeli. Ndani yake anasimulia kwamba mwezi wa Novemba mwaka 1566 alikutana mjini London na mtu aitwaye Nicholas Jennings. Mtu huyu alivaa matambara, uso wake umejaa damu na matope, na alisema ana kifafa, na kwamba amewahi kulazwa katika Bethlem, hospitali ya wagonjwa wa akili ya London.

Harman akafanya jambo jepesi ambalo wengine hawakulifanya: alipeleka watu wakaulize hospitalini. Msimamizi akajibu kwamba hamjui mtu huyo. Ndipo Harman akawatuma vijana wawili wamfuate siku nzima bila ya yeye kujua. Wakamwona anakwenda mahali pa faragha na kujipaka upya damu aliyokuwa ameibeba katika kibofu cha mnyama, na kujipaka matope. Jioni alipokamatwa na kupekuliwa alikutwa na zaidi ya shilingi 13 za wakati ule, fedha ambazo kibarua hakuzipata kwa kazi ya wiki nzima. Alipovuliwa nguo na kuoshwa, alionekana mwenye mwili mzuri usio na doa. Ikajulikana pia kwamba ana mke, na nyumba yenye vyombo vizuri. Hatimaye alifungwa kwenye mkatale mbele ya watu.

Waswahili tunasema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu aliyejitia maradhi, uzima wake ndio uliomuumbua.

Wasiotaka fedha

Mpaka hapa tumezungumza juu ya watu ambao lengo lao linaeleweka: fedha, au kukwepa safari na kazi. Lakini wako wengine ambao jambo lao ni gumu zaidi kulifahamu.

Mwezi wa Februari mwaka 1951 daktari wa Kiingereza Richard Asher aliandika katika jarida la kitabibu la Lancet juu ya watu waliokuwa wakihama kutoka hospitali moja hadi nyingine, kila mahali wakieleza maumivu makali na visa vya kutisha. Wengine walilalamika tumbo mpaka wakapasuliwa, matumbo yao yakajaa makovu. Wengine walijitoa damu kwa siri. Wengine walijiangusha kama wenye kifafa au waliopooza. Walipokaribia kugunduliwa waligombana na madaktari na kuondoka, kisha wakaanza upya katika mji mwingine. Asher akauita ugonjwa huo kwa jina la Munchausen, Mjerumani wa karne ya 18 ambaye jina lake lilitumiwa katika kitabu cha visa vya uongo vya safari na vita, kilichochapwa mwaka 1785.

Watu hawa hawakupata fedha. Walichopata ni kisu cha mpasuaji, sindano na makovu. Basi walitaka nini? Madaktari walioendelea kuchunguza walifahamu kwamba walitaka kuwa mgonjwa tu: kulazwa, kuulizwa hali, kushikwa mkono, kuwa mtu ambaye wengine wanamshughulikia. Mwaka 1980 jambo hili liliingizwa katika orodha rasmi ya maradhi ya akili ya madaktari wa Marekani, likitenganishwa na udanganyifu wa kutafuta mali au kukwepa kazi. Kwa hiyo mtu huyu ni mwongo, na wakati huo huo ni mgonjwa, ila ugonjwa wake si ule anaoutaja.

Kwa wazazi hapa pana jambo la kufikiri. Mtoto anayelalamika tumbo kila asubuhi ya shule mara nyingi ana sababu. Huenda anaonewa na wenzake, huenda anamwogopa mwalimu, au huenda siku anayougua ndiyo siku pekee anayokaa na mama yake. Kumwambia "wewe muongo, inuka" kunaweza kuufunga mlango ambao alikuwa anaubisha.

Mzazi na mtoto

Mwaka 1977 daktari wa watoto Roy Meadow, aliyefanya kazi mjini Leeds, aliandika katika jarida lile lile la Lancet habari za watoto wawili. Mmoja alipimwa na kutibiwa muda mrefu kwa maradhi ya figo ambayo hakuwa nayo, kwa sababu mama yake alikuwa akiharibu mkojo uliopelekwa kupimwa. Wa pili alikuwa akilishwa chumvi nyingi kwa siri na akafariki. Miaka zaidi ya 1,000 baada ya Al-Jahiz, tunakutana tena na mtu mzima anayeupata ugonjwa wake katika mwili wa mtoto, ila mara hii si kwa ajili ya sarafu. Tangu hapo madaktari duniani kote wamejifunza kulitazama jambo hili, na watoto wameokolewa.

Lakini historia hii ina upande wa pili, na si haki kuuacha. Daktari huyo huyo alipokuwa mashuhuri aliitwa mahakamani kutoa ushahidi katika kesi ya Sally Clark, mama wa Kiingereza na mwanasheria, ambaye watoto wake wawili walifariki wakiwa wachanga mwaka 1996 na 1998. Meadow alisema uwezekano wa vifo viwili vya ghafla katika familia kama ile ni mmoja katika milioni 73. Mwaka 1999 mama yule akafungwa kwa kuwaua watoto wake. Wataalamu wa takwimu wakaeleza kwamba hesabu ile ilikuwa na makosa, na baadaye ikajulikana kwamba kulikuwa na vipimo vya maradhi kwa mtoto wa pili ambavyo havikuwekwa wazi mahakamani. Mwaka 2003 aliachiwa huru. Alifariki mwaka 2007, akiwa hakupona machungu yale.

Tumelitaja hili kwa makusudi. Kama uongo unavyoua, na dhana mbaya nayo huua. Mwenye kuamini kila anachoambiwa yuko hatarini, na mwenye kumshuku kila mtu yuko katika hatari ile ile.

Binti ambaye hakuwahi kuzaliwa

Ilipofika miaka ya mwisho ya 1990, intaneti iliwapa watu hawa kitu ambacho ombaomba wa Basra hakukipata: kuumwa bila ya mwili. Hahitaji tena kufunga mguu usiku kucha. Anahitaji maneno na picha. Daktari Marc Feldman wa Marekani, bingwa wa maradhi ya akili, aliandika mwaka 2000 akieleza wagonjwa wa namna hiyo na kuutumia msemo wa Munchausen ya intaneti.

Mwaka uliofuata kikatokea kisa kilichojulikana sana. Kwa muda mrefu maelfu ya watu walikuwa wakifuatilia habari za msichana wa Kansas aitwaye Kaycee Nicole, mwenye miaka 19, aliyekuwa akipambana na saratani ya damu. Walimwandikia, walimpelekea zawadi, wengine waliongea naye kwa simu. Mwezi wa Mei mwaka 2001 ikatangazwa kwamba amefariki. Watu walilia kama waliofiwa na ndugu. Wakataka kujua atazikwa wapi, wapate kuhudhuria au kupeleka rambirambi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Hakuna tangazo la kifo katika magazeti ya huko, hakuna waliomzika, na hakuna hata mmoja katika waliompenda aliyewahi kumwona uso kwa uso. Mwisho mama mmoja wa huko Kansas alikiri kwamba Kaycee hakuwahi kuwepo, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimwandikia. Picha zilikuwa za msichana mwingine wa karibu nao, mzima kabisa, asiyejua lolote.

Hakukuwa na fedha nyingi katika jambo hilo. Kilichochukuliwa kilikuwa ni machozi na usiku wa watu. Miongoni mwa waliodanganywa walikuwepo waliokuwa na wagonjwa wa saratani nyumbani mwao.

Kisa cha Belle Gibson wa Australia kilikuwa na fedha ndani yake. Alidai kwamba mwaka 2009 aligunduliwa kuwa na saratani ya ubongo na kupewa miezi michache ya kuishi, na kwamba ameishinda kwa chakula bora bila ya matibabu ya hospitali. Mwaka 2013 akatoa programu ya simu ya mapishi, kisha kitabu, na akaahidi kwamba sehemu ya mapato itakwenda kwa wenye shida. Mwezi wa Aprili mwaka 2015 alikiri kwamba hana saratani. Mwaka 2017 mahakama ilimtoza faini ya dola 410,000 za Australia. Katika hizo, dola 150,000 zilikuwa kwa jambo moja tu: aliahidi fedha kwa familia ya mtoto mdogo mwenye uvimbe wa ubongo usioweza kupasuliwa, na hakuwapa.

Nani aliyeumia?

Hapo ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo. Mtoto yule alikuwa na ugonjwa ule ule ambao mwanamke yule alijisingizia, na alikuwa nao kweli. Huruma aliyoihitaji mtoto ilikuwa imeelekezwa kwa mtu mzima mwenye afya. Na wagonjwa wangapi walisoma kwamba chakula kinaondoa saratani, wakaanza kufikiria kuacha dawa?

Anayejitia ugonjwa huonekana kama anawaibia matajiri na wenye huruma. Wao hupoteza shilingi chache na siku mbili za huzuni, kisha maisha yao yanaendelea. Wa kwanza kuibiwa ni mgonjwa wa kweli atakayekuja baada yake. Huyo ndiye atakayesimama mlangoni akiwa na cheti cha hospitali mkononi na kutazamwa kwa jicho la shaka. Huyo ndiye mama atakayeulizwa maswali kumi kabla ya kupewa nauli ya kumpeleka mtoto kliniki. Kuna wagonjwa ambao hukaa kimya majumbani mwao kwa kuogopa tu wasije wakaitwa waongo. Na kuna maradhi yasiyoonekana kwa macho, kama selimundu, maumivu ya mgongo, au huzuni kubwa baada ya kujifungua, ambayo wenye nayo wanashukiwa hata bila ya mwongo yeyote kutangulia.

Funzo la umbali

Tukizipitia habari hizi zote kwa pamoja tunaona uzi mmoja. Mwongo wa ugonjwa huishi kwa umbali. Ombaomba wa Basra alikuwa msafiri anayepita mji hadi mji. Abu Zayd alikuja Barqaid mahali ambapo alidhani hakuna anayemjua. Jennings aliomba mitaa ya mbali na nyumbani kwake. Wagonjwa wa daktari Asher walihama hospitali. Kaycee hakuwa na mwili kabisa. Na kila aliyegunduliwa aligunduliwa kwa sababu mtu alisogea karibu: akauliza majirani, akamfuata, akatuma mtu hospitalini, au alitaka kwenda mazikoni.

Dini yetu imelifahamu hili mapema. Katika hadithi ya Qabisa bin Mukhariq iliyo katika Sahihi Muslim, Mtume (S.A.W.) alitaja watu ambao wanaruhusiwa kuomba, na miongoni mwao ni aliyefikwa na ufukara, baada ya watu watatu wenye busara katika jamaa zake kumshuhudia. Hakuagiza afukuzwe, na hakuagiza aaminiwe kwa neno lake tu. Aliagiza watu wake wa karibu waulizwe. Na kumtembelea mgonjwa tumefundishwa kwamba ni haki ya Muislamu juu ya ndugu yake. Mara nyingi tunaifikiria haki hiyo kwa upande wa thawabu tu. Historia inatuonyesha kwamba ni ulinzi pia. Mji ambao watu wake wanatembeleana, mwongo hapati mahali pa kukaa, na mgonjwa wa kweli hahitaji kujieleza.

Kwa hiyo, ujumbe unapotufikia, tufanye mambo mepesi. Tuulize: mgonjwa yuko hospitali gani, na mji gani? Nani katika tunaowajua anaweza kupita kumjulia hali? Msikiti wa karibu naye unamjua? Gharama inaweza kulipwa hospitalini moja kwa moja? Tusimsambazie mtu mwingine jambo ambalo sisi wenyewe hatukuliuliza, na hasa picha ya mtoto, kwani huenda ni mtoto wa watu na wazazi wake hawana habari. Maswali haya tuyaulize kwa adabu, kwa jamaa na majirani, na tusimhoji mgonjwa kitandani kama mshitakiwa. Na akijulikana kijana wetu kwamba amejitia ugonjwa, tumkanye, kisha tumkalie karibu tujue alikuwa anatafuta nini.

Na ikiwa tulitoa kwa nia njema, kisha ikadhihirika kwamba tulidanganywa? Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mtu aliyetoa sadaka usiku, asubuhi watu wakawa wanasema amempa mwizi. Akatoa tena, ikaangukia kwa mwanamke mzinifu. Akatoa mara ya tatu, ikaangukia kwa tajiri. Akaambiwa kwamba huenda mwizi akaacha wizi wake, na mwanamke akaacha zinaa, na tajiri akazingatia naye akatoa. Sadaka yake haikupotea.

Kwa hiyo tusiifunge mikono yetu kwa sababu ya mwongo mmoja. Tukiifunga, yeye atakwenda kutafuta mlango mwingine, na atakayebaki nje ya mlango wetu ni mgonjwa wa kweli. Pengine hivi sasa, wakati tunasoma makala hii, yuko jirani ambaye hatujamwona msikitini wala sokoni kwa wiki mbili. Huyo hakutuma ujumbe wowote. Tuanze kwake.

Wabillahi tawfiq.